Daluga Zikitundikwa, Kazi Ibaki

Tangu ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, kikombe cha ubingwa kilikuwa hakijawahi kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilikitwaa. Baadaye Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Turiani, ilikitwaa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Ni dhahiri basi kwamba mkoa wa milima ya Uluguru haukupungukiwa na vipaji.

Linalostahili kutazamwa kwa makini ni malezi ya vipaji hivyo. Majina ya timu za mkoa huo yanajieleza: Reli, Tumbaku, Mtibwa Sugar. Zilikuwa timu zilizozaliwa mahali pa kazi, na mchezaji aliweza kushika spana asubuhi na kuvaa daluga jioni. Wachache walivuma nchi nzima, kama Zamoyoni Mogella, aliyetoka Morogoro akazichezea Simba na Yanga. Lakini kwa kila mmoja aliyevuma, wapo wengi ambao goti au umri uliwarudisha nyumbani mapema. Mwenye kazi alirudi kazini. Asiyekuwa nayo alirudi kijiweni.

Hata Ulaya somo ni hilohilo. Alex Ferguson wa Scotland aliichezea St Johnstone kuanzia 1960 hadi 1964 huku akiwa fundi wa zana kiwandani. Alijiunga na Dunfermline mwaka 1964, ndipo mpira ukawa kazi yake pekee. Sifa zake kubwa zilikuja baadaye, akiwa kocha.

Leo kandanda ni ajira, na hilo ni jambo jema. Kosa ni kumwacha kijana atupe daftari kwa sababu ana mguu mzuri. Mwalimu anayemsamehe vipindi ili ashinde mashindano ya shule humnyima silaha ya maisha. Maofisa wa michezo nao hawana budi kuhimiza kila klabu impe mchezaji nafasi ya kusoma au kujifunza ufundi angali na nguvu.

Maji ya Uluguru huteremka kwa mto Ruvu yakainywesha Dar es Salaam, na vijana huteremka kuelekea hukohuko. Maji hayarudi mlimani, lakini mchezaji hurudi nyumbani. Ni wajibu wa waliomlea kuhakikisha kwamba harudi mikono mitupu.