Draiva isijifanye inajua ninachotaka

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, lakini leo nina jambo la kulalamikia, nalo ni kitufe kimoja tu kidogo: kile chenye picha ya mnara au ya ndege, cha kuzima na kuwasha Wi-Fi kwenye laptopu. Usicheke, soma kwanza.

Binamu yangu ni mwalimu huko Machakos. Nilimsaidia kununua laptopu ya mtumba hapa Nairobi, nikamwekea Ubuntu kwa sababu sitaki simu za virusi kila Jumapili. Basi siku moja akanipigia saa nane na nusu mchana. "Injinia, mtandao umekufa." Alitakiwa kutuma alama za wanafunzi kabla ya saa kumi. Alikuwa amezima na kuwasha mashine mara tatu. Fundi wa hapo mjini alikuwa ameshamwambia kadi ya Wi-Fi imeungua na anataka shilingi 3,500 aweke nyingine.

Nikamwambia afungue dirisha la amri, aandike rfkill list, anisomee. Amri hii hukuonyesha kila redio iliyo kwenye mashine na hali yake kwa mistari miwili, ambayo mimi naiita zuio laini na zuio gumu. Laini ni lile lililowekwa na programu, na programu inaweza kuliondoa. Gumu limetoka kwenye chuma chenyewe, kwa mfano ile swichi ya kusukuma pembeni mwa laptopu za zamani, na hakuna amri inayoliondoa. Ya Mwalimu ilisema laini ndiyo, gumu hapana. Kadi nzima kabisa! Mtoto wake alikuwa amebofya hali ya ndege kwenye menyu, na kwa kuwa systemd huhifadhi hali ya redio na kuirudisha mashine ikiwaka, kuzima na kuwasha kusingesaidia hata mara mia.

"Bonyeza kile kitufe, Mwalimu." Akabonyeza. Taa ikawaka, ikazima. Akabonyeza tena, vilevile. Nikamwandikishia rfkill unblock wifi herufi kwa herufi, mtandao ukarudi, alama zikaenda zikiwa zimebaki dakika chache.

Lakini kitufe kilinikera. Wiki ile ile nikaomba mashine, nikakaa nayo usiku kadhaa. Nilichokuta ni hiki: ukibonyeza, fimwea inageuza redio yenyewe. Halafu draiva inatuma taarifa ya KEY_WLAN juu, kana kwamba hakuna aliyefanya lolote. Programu za mezani zinapokea taarifa, nazo zinageuza redio. Mmoja kawasha, mwingine kazima. Ni kama taa ya ngazi yenye swichi mbili, mtu wa chini na mtu wa juu wakizibonyeza pamoja, halafu kila mmoja anashangaa giza.

Kosa hili si geni, na watu wa kerneli wamelijadili siku nyingi. Mfumo wa rfkill uliingia Linux mwaka 2007, toleo la 2.6.22. Kabla ya hapo kila draiva ilikuwa na njia yake. Mwaka 2009, toleo la 2.6.31, Johannes Berg aliuandika upya, na hapo ndipo faili ya /dev/rfkill ilipokuja, ili programu za kawaida zisome hali ya redio na kuibadilisha. Maelezo yanayokuja na kerneli yana kanuni ambayo mimi naona ndiyo moyo wa jambo zima: kama kitufe ni kitufe tu, draiva itoe taarifa ya kubonyezwa na iishie hapo. Kama kitufe chenyewe kinagusa redio, basi draiva isajili swichi ya rfkill na kueleza hali ilivyo. Draiva ya mashine ya Mwalimu ilikuwa inafanya yote mawili kwa kitufe kimoja.

Sasa nikiri dhambi yangu. Kiraka changu cha kwanza kilikuwa cha kijanja. Niliifanya draiva, kila ikiona kitufe, iigeuze redio mara moja zaidi. Kwa Mwalimu ikafanya kazi vizuri sana! Nikajiona bingwa. Nikampa mwenzangu wa ofisini mwenye modeli ile ile, ila BIOS yake ni mpya zaidi. Kwake fimwea haigusi redio, inaacha kazi kwa mfumo endeshi. Kwa hiyo desktopu inageuza mara moja, draiva yangu inageuza tena, na kitufe kilichokuwa kizima nikakiua mimi. Alinitazama tu. Wi-Fi ya mkutano wake na mteja ilikuwa imezimwa na mimi.

(Kwa nini BIOS mbili za modeli moja zitofautiane? Sababu moja ni kwamba fimwea huuliza mfumo endeshi, wewe nani? Linux hujibu kwa jina la Windows, maana fimwea nyingi zimejaribiwa na Windows peke yake. Zikisikia Windows 8 ya mwaka 2012 au ya baadaye, baadhi hubadilisha namna ya kushughulikia kitufe. Kwa hiyo tunadanganya ili tupewe ukweli. Mambo ya kompyuta haya!)

Hapo ndipo msimamo wangu ulipobadilika. Zamani niliamini draiva nzuri ni ile inayomtengenezea mtumiaji kila kitu. Leo nasema draiva ikisema "nimeona kitufe" au "redio imezimwa na chuma", imemaliza kazi. Ikikisia, itakosea kwenye mashine ambayo mwandishi hajawahi kuigusa.

Tazama yaliyotokea kwenye draiva ya ideapad-laptop. Modeli nyingi hazikuwa na swichi ya chuma, lakini fimwea ikiulizwa hali ya swichi inajibu imezimwa. Draiva ikaamini, ikaweka zuio gumu, na mtu akabaki anatafuta swichi ambayo haipo! Ushauri uliozagaa ulikuwa kuizuia draiva nzima isipakiwe. Watunzaji wakaanza orodha ya modeli zisizo na swichi, na kila laptopu mpya ikileta malalamiko inaongezwa, orodha ikarefuka. Baadaye wakaigeuza: sasa orodha ni ya modeli ambazo swichi ipo kweli, na nyingine zote haziaminiwi. Naona wangeanza na hiyo. Zuio gumu ni tamko zito, ni kumwambia mtumiaji hakuna programu itakayomsaidia. Usilitoe kwa kusikia tu.

Najua mtu ataniuliza, je, asiye na desktopu, anayetumia dirisha jeusi tu, nani atamgeuzia redio? Kerneli ina kishughulikia vitufe chake kwa ajili hiyo, na desktopu ikiwepo inaweza kukiambia kupitia /dev/rfkill kikae pembeni. Mwamuzi abaki mmoja tu. Wenye draiva zinazoamua zenyewe humfanya wa pili, na Mwalimu ndiye anayelipishwa 3,500.

Kiraka cha kijanja nimekifuta. Kipya kinauliza kwanza kama fimwea imeshaigeuza redio. Ikiwa imeigeuza, kinaeleza hali na hakitumi KEY_WLAN. Ikiwa haijaigeuza, kinatuma taarifa na kunyamaza. Kwa mwenzangu kimekubali. Jumamosi naenda Machakos kukijaribu kwenye BIOS ya zamani, na Mwalimu ameahidi kuchinja kuku kitufe kikifanya kazi. Kisipofanya, amesema nitakula sukuma wiki.