Ugeni wa Msomaji

Tangu Abdulrazak Gurnah atunukiwe Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba riwaya zake za uhamiaji ni “zetu”, na kwamba msomaji wa Mombasa au Unguja hawezi kujihisi mgeni ndani yake. Dai hili ni la pupa. Katika By the Sea (2001), mzee Saleh Omar anatua Gatwick na kikasha cha udi, na afisa wa uhamiaji anakitwaa. Thamani ya udi ule Mswahili hahitaji kuelezwa. Lakini mzee huyo huyo hujifananisha na Bartleby, karani wa Herman Melville, na hapo msomaji asiyemjua Melville hubaki kizingitini. Je, huo ni upungufu wake? Wahakiki hao watajibu kuwa ndio, kisha wamwagize akasome zaidi. La hasha! Msomaji huyo amemwelewa Saleh Omar, aliyeingia Uingereza akijifanya hajui Kiingereza, kuliko mhakiki anayejitwalia wenyeji kwa sababu tu ya mahali mtunzi alipozaliwa.

Isitoshe, madai haya ya undugu aghalabu huandikwa kwa Kiingereza (jambo ambalo wenyewe hawaoni ajabu yake). Peponi (2022), tafsiri ya Paradise (1994) iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, wahakiki hao huitaja katika tanbihi, ikiwa wataitaja kabisa.