Kikaratasi kimegeuka njano, sasa iweje?

Na Mzee Kijiweni

Wiki hii nimekasirishwa na mkojo. Si wangu.

Nilikuwa stendi ya Gitega nikingoja Probox ya Muyinga ijae. Kwa mafuta haya ya kubahatisha, dereva haondoki mpaka abiria wapumue kwa zamu. Akatokea kijana mmoja, koti jeupe, kalamu tatu mfukoni. Tangu Gitega ipewe makao makuu ya kisiasa mwaka 2019, hata matapeli wake wamejua kuvaa. Hakupiga kelele kama wauza mishikaki. Alisema polepole, na hilo ndilo lililonitia shaka. Damu zetu, akasema, zimejaa asidi kwa sababu ya nyama, Fanta na hasira, na asidi ndiyo mama wa kisukari, presha, hata ugumba.

Mzee mmoja akapewa kikombe cha plastiki, akazunguka nyuma ya choo, akarudi. Kikaratasi kikachovywa, kikawa njano.

"Mnaona? Mzee anaungua ndani!"

Watu wakaguna. Pakiti za unga mweupe zikatoka mkobani. Niliulamba: bikaboneti, ile ile ya kuumulia maandazi. "Kunywa siku tatu, tupime tena. Kikiwa kijani, umepona."

Jamani! Mkojo kuwa na asidi ni dalili kwamba figo ziko kazini. Mwili ukishachoma chakula, hasa protini ya nyama na mayai, huacha asidi. Gesi ya kaboni hutolewa na mapafu. Asidi nyingine inabaki kuzisubiri figo. Figo huchuja kama lita 180 kwa siku, karibu zote zikarudishwa mwilini. Bikaboneti iliyochujwa huokotwa isipotee, nyingine hutengenezwa mpya, na asidi husukumwa nje, sehemu yake kubwa ikiwa imebebwa na amonia. Ndiyo maana pH ya damu hukaa kati ya 7.35 na 7.45, wakati ya mkojo inaweza kushuka hadi 4.5 au kupanda hadi 8. Mkojo unayumba ili damu isiyumbe. Kumtangaza mzee wa watu mgonjwa kwa sababu ya ile njano ni kumshtaki mzoa taka kwa kukutwa na taka.

Na huko "kupona" kwenyewe? Ukibugia bikaboneti, figo zikiona imezidi zinaimwaga. Kikaratasi kinakuwa kijani kwa sababu hela yako inatoka na mkojo.

Nilimwambia yote hayo, kwa sauti. Akaniuliza kwa upole, "Mzee, wewe ni daktari?" Nikajibu mimi ni mwandishi wa gazeti. Watu wakaangua kicheko, na pakiti zikanunuliwa kwa kasi zaidi.

Ningeishia hapo, nikanuna mpaka Karuzi, nikasahau. Lakini kufika Muyinga kwa shangazi yangu, mgonjwa wa presha wa miaka mingi, nikazikuta pakiti zile zile mezani, zimepangwa kando ya thermosi ya chai. Vidonge vyake vya presha viko kabatini, vimepumzishwa.

Sasa hasira ikawa ya kweli. Unga ule una sodiamu, kitu ambacho mtu wa presha huambiwa akipunguze. Presha na kisukari ndio wauaji wakubwa wa figo, kwa hiyo vidonge vilivyofungiwa kabatini ndivyo vilivyokuwa vikizilinda figo za shangazi. Ni kweli, figo zikichoka asidi hubaki damuni, na daktari humpa mgonjwa bikaboneti hiyo hiyo. Lakini hupima damu kwanza, akahesabu kipimo, akafuatilia. Hapimi mkojo wa stendi.

"Shangazi, nani kakwambia uache vidonge?"

"Mwanangu, vile vidonge havigeuzi rangi ya kitu chochote."

Na huo ndio ugonjwa wetu. Presha haiumi, figo hazilalamiki, kwa hiyo tunamwamini yeyote atakayetuonyesha rangi. Angekuja na karatasi ya zambarau tungemnunua na mkoba wake.

Nikauliza nani alimletea pakiti hizo. Binti yake, kutoka Gitega. Anafundisha biolojia.