Kumsajili Unayemjua Tayari

Nipo likizo kwa mjomba Ikola, huku mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mbalamwezi imekolea, wavuvi wa dagaa wamepumzika, na mimi na mtoto wa mjomba, kijana wa kidato cha tatu, tunakesha kwenye laptop yangu kuukuu tukicheza Championship Manager ya msimu wa 2001/02. Gemu la kizamani kweli, lakini mashine yangu haiwezi jingine.

Dogo akachukua Arsenal. Mimi nikachukua Millwall, timu ya daraja la chini, hadi akanionea huruma. Hakujua kwamba Millwall ya gemu hilo ina kinda anaitwa Cherno Samba, akikua ni balaa. Halafu nikaenda Ureno, kwenye kitimu cha Gouveia, nikamchukua Tó Madeira kwa bei chee. Msimu wa tatu nikaipiga Arsenal yake mabao 5-1.

"Kaka, hawa uliwajuaje?"

"Nilituma skauti."

Uongo mtupu. Niliwajua tangu chuo, nilikolicheza gemu hilo mpaka nusura nifeli. Kibaya zaidi, asubuhi nikamsikia mwaloni akiwatambia wenzake jinsi kaka yake anavyojua kusaka vipaji.

Jamani, kumjua mchezaji kwa kuwa unafuatilia mpira si dhambi. TP Mazembe ya Kongo, ng'ambo ya ziwa hili, walimwona Mbwana Samatta alipowafunga akiwa na Simba mwaka 2011, wakamchukua mwaka huohuo. Baadaye akaenda Genk, 2016, na Aston Villa, 2020. Lakini Mazembe walibahatisha. Kijana angeweza kuumia au kupotea. Mimi nilibahatisha nini? Nilikuwa nimeshaona majibu. Huo ni mtihani uliovuja, na sisi waandishi tunavyopenda habari za mitihani kuvuja!

Tena ujuzi wenyewe wala si wa soka. Samba wa kweli hakufika alikofikishwa na gemu, alizunguka timu kama Cadiz na Plymouth, basi. Tó Madeira wa kiwango kile hakuwapo kabisa duniani, na marekebisho ya baadaye yalimwondoa. Dogo anayefuatilia mpira redioni kila wiki anajua soka kunizidi, ila soka analolijua yeye si la 2001.

Najua kuna watakaosema ni gemu tu. Ukicheza peke yako, sawa, msajili umtakaye. Mkiwa wawili, na mwenzio ndiyo kwanza analiona, huo ni wizi.

Jana nikamwambia ukweli. Akanyamaza kidogo, kisha akasema tuanze upya: niandike kwenye daftari lake majina yote ninayoyajua, tugawane mojamoja, yeye aanze kuchagua. Nikaandika 18.

Akanitazama. "Kaka, ni hayo tu?"

Yalikuwa 23.