Siri ya Mtungi: Kipimo cha Mimba ni cha Nani?

Wahenga walinena kuwa siri ya mtungi aijuaye kata. Hata hivyo, kwa karne nyingi mwanamke hakuwa na kata ya kuchotea siri ya mwili wake mwenyewe. Wamisri wa kale walimtaka akojolee mbegu za ngano na shayiri. Zikichipua, alihesabiwa kuwa na mimba. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek wa Berlin waliwadunga panya mkojo wa mwanamke, kisha wakawapasua ili kuchunguza ovari zao. Miaka ya 1930 ikaleta chura wa kusini mwa Afrika, aliyetaga mayai saa kadhaa baada ya kudungwa mkojo wa mja mzito. Njia hizi za karne ya 20 zilihitaji maabara na daktari, naye mwanamke alingoja kuambiwa.

Aliyeigeuza hali hiyo ni Margaret Crane, msanifu katika kampuni ya dawa ya Organon nchini Marekani. Mwaka wa 1967 alibuni kisanduku cha kupimia mimba nyumbani. Wakuu wake walisita, wakihofia kuwaudhi madaktari waliokuwa wateja wao. Kipimo hicho kilianza kuuzwa Kanada mwaka wa 1971.

Leo hii, mwanamke wa Likoni, Kisauni au Changamwe hununua ukanda wa kupimia katika duka la dawa, akapata jibu lake kwa dakika chache, mlango umefungwa. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Linalosikitisha ni kwamba kifaa kilichobuniwa kumpa mwanamke faragha hugeuzwa kuwa cha kumpokonya faragha iyo hiyo. Wanawake wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba hupimwa mimba kabla ya kusafiri. Katika nchi jirani ya Tanzania, wasichana walipimwa shuleni kwa lazima na wenye mimba wakafukuzwa, hadi Novemba 2021 serikali ilipotangaza kuwa wangeruhusiwa kurejea masomoni.

Wapo watakaodai kuwa mzazi na mwalimu wana wajibu wa kujua. Hoja hiyo ina uzito, kwani mja mzito anahitaji kuhudhuria kliniki kabla ya kutimiza wiki 12. Lakini msichana anayeviziwa hujifunga tumbo kwa leso na kujificha, na wiki hizo hupita bure. Anayeaminiwa ndiye husema mapema.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza ubaguzi kwa sababu ya mimba. Kilichosalia ni nyumba, shule na waajiri kuziheshimu sheria hizo. Kata ni ya mwenye mtungi. Wengine hawana budi kungoja wakaribishwe maji.