Quitunda: Shamba Kwanza, Watalii Baadaye

Kusini kidogo ya Mto Ruvuma, katika wilaya ya Palma nchini Msumbiji, kipo kijiji ambacho jina lake mkazi wa Dar es Salaam angedhani ni la mtaa wake: Quitunda. Si kijiji cha kale. Kilijengwa ili kuwapokea wakulima na wavuvi wa Quitupo, Milamba na vitongoji vingine vya rasi ya Afungi, ambako takriban hekta 7,000 zilitengwa kwa ajili ya mradi wa gesi. Familia za kwanza zilihamia mwaka 2019. Zilikabidhiwa nyumba za matofali, pamoja na ahadi ya shamba la hekta moja na nusu. Nyumba zilitangulia, mashamba yakachelewa. Na yalipotafutwa, yalitafutwa katika ardhi ya vijiji jirani, jambo lililozua manung'uniko pande zote mbili. Mvuvi naye alijikuta mbali na bahari yake.

Kwa watu wa namna hii hupendekezwa mara nyingi utalii wa mazingira unaoendeshwa na wanakijiji wenyewe: mikoko, matumbawe, visiwa, safari za ngalawa. Wazo hilo si la kudharauliwa. Huko Jozani, Unguja, mkulima alimwona kima punju kuwa mwizi wa mazao yake. Sehemu ya viingilio vya wageni ilipoanza kurudi vijijini, na wenye mazao yaliyoliwa wakapata kifuta jasho, mnyama yule akapata watetezi. Katika kisiwa cha Wasini, Kenya, kikundi cha akina mama kina njia yake ya mbao juu ya matumbawe, na mgeni huwalipa wao.

Lakini itazamwe vizuri: mkulima wa Jozani hakunyang'anywa jembe ndipo akapewa mtalii. Fedha za wageni zilikuja juu ya shamba. Quitunda inaombwa kuanza na paa kabla ya msingi.

Tena Cabo Delgado imekwisha kuonja udhaifu wa biashara hii. Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas iliundwa mwaka 2002, na sheria za Msumbiji huzitengea jamii asilimia 20 ya mapato ya aina hiyo. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 vilifukuza wageni. Septemba 2020 hoteli ya kisiwa cha Vamizi ilishambuliwa. Machi 2021 Palma yenyewe ilivamiwa, na waliojificha katika hoteli ya Amarula wakaviziwa njiani walipojaribu kutoka. Mgeni huondoka kwa risasi ya kwanza. Asilimia 20 ya mapato yasiyokuwapo haimlishi mtoto. Muhogo, angalau, hungoja ardhini.

Katika siku zile za Machi maelfu ya raia walikimbilia Quitunda, kwa kuwa ilikuwa karibu na lango la mradi wenye ulinzi. Hapa ndipo suala hili linapomhusu askari, awe wa Msumbiji, wa Rwanda aliyeingia Julai 2021, au Mtanzania aliyetumikia kikosi cha SAMIM kilichoondoka mwaka 2024. Mwaka 2024 zilichapishwa tuhuma nzito juu ya mateso ya raia mikononi mwa wanajeshi huko Afungi mwaka 2021, na mwaka 2025 mwendesha mashtaka wa Msumbiji alifungua uchunguzi. Hukumu tuwaachie wenye kazi hiyo. Ila kijiji kinachomwogopa askari hakitampa habari za adui, wala hakitamkaribisha mgeni kwa moyo mkunjufu.

TotalEnergies, iliyosimamisha mradi Aprili 2021, ilitangaza Novemba 2025 kuondoa zuio hilo. Wakfu wake, uliopewa jina la Kiswahili, Pamoja Tunaweza, ulitangazwa kuwa na dola milioni 200 kwa maendeleo ya jimbo. Kwa maoni yetu, fedha za namna hiyo zianzie kwenye mashamba yaliyoahidiwa na makubaliano ya haki na vijiji vilivyotoa ardhi, kisha usafiri wa uhakika wa wavuvi kwenda pwani. Nahodha ambaye tayari ana chombo chake na ruhusa ya kuvuka kizuizi alfajiri anaweza kesho kumpakia mtalii. Asiye na chombo wala ruhusa atabeba mizigo ya mtalii wa mtu mwingine.