Maoni: Mavazi ya tamthilia na filamu yanastahili licence yake Kongo

Tuseme filamu inasimulia Kinshasa ya mwaka 1975. Mkubwa wa serikali anashuka garini amevaa suti, tai shingoni. Kijana anayetazama haoni kosa lolote. Mzee aliyeketi kando yake anacheka, kwa sababu anakumbuka kwamba Mobutu alikuwa amepiga tai marufuku na wakubwa wote walivaa abacost, vazi ambalo jina lake lilitokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "chini suti". Tangu hapo mzee haamini tena lolote ambalo filamu hiyo inamwambia.

Kosa kama hilo haliondolewi na mashine ya kushonea. Linaondolewa na masomo.

Mtoto akisema nyumbani kwamba anataka kusoma ubunifu wa mavazi ya jukwaani na ya filamu chuo kikuu, swali la wazazi linajulikana: miaka mitatu ya kujifunza kushona, wakati fundi yupo pale kona? Swali lina haki yake. Kongo haijawahi kukosa mafundi, na mengi wanayojua hayamo katika kitabu chochote. Lakini fundi hushona alichoagizwa. Mbunifu wa mavazi ndiye anayepaswa kujua cha kuagiza: mhusika huyu ni nani, ana pesa kiasi gani, anaishi mwaka gani, anaficha nini.

Kazi yake huanza na mswada, kabla ya kitambaa. Anausoma ukurasa kwa ukurasa na kuandika kila mhusika anabadili nguo mara ngapi. Kama kuna anayepigwa risasi, shati moja halitoshi. Yanatakiwa matatu au manne yanayofanana, maana tukio litarudiwa. Filamu pia haipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Siku ya kwanza inaweza kupigwa sehemu ya mwisho, na gauni jipya lazima lionekane limevaliwa miaka kumi: lifuliwe tena na tena, lisuguliwe msasa, lichovywe kwenye chai. Mbele ya kamera mistari myembamba hutetemeka na nyeupe kali huumiza picha. Jukwaani, vazi lazima lisomeke hadi kiti cha nyuma kabisa na livuliwe kwa sekunde chache nyuma ya pazia. Ongeza historia, uchoraji na bajeti, na miaka mitatu si mingi.

Kwingine jambo hili lilishaeleweka. London, chuo cha sanaa cha Wimbledon kinatoa shahada ya mavazi ya tamthilia na filamu. Mmarekani Ruth Carter, aliyesoma sanaa za maonyesho katika chuo kikuu cha Hampton, alipata Oscar mwaka 2019 kwa mavazi ya Black Panther. Alichimba Afrika hasa: blanketi za Wabasotho, kofia za wanawake wa Kizulu. Naye Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, aliona mavazi ya filamu yake Augure, iliyopata tuzo Cannes mwaka 2023, yakiwekwa katika jumba la makumbusho ya mitindo la Antwerp, Ubelgiji.

Mavazi ya Afrika yanalisha sinema ya dunia. Swali ni nani anayelipwa kwa kuyajua. Nchi yenye vitambaa vya rafia vya Wakuba kule Kasai, wasape wa Kinshasa na mama wanaosema kwa kikwembe kile wasichotamka kwa mdomo, haifai kungoja mgeni aje kuifasiria nguo zake.

Wala haihitaji kujenga upya. Kinshasa, INA inafundisha tamthilia, Académie des Beaux-Arts inafundisha uchoraji, ISAM inafundisha ushonaji na mitindo. Mfumo wa LMD unahesabu masomo kwa krediti. Vyuo hivyo vitatu vinaweza kukubaliana juu ya licence moja ya pamoja. Mafundi wazee waitwe darasani kama walimu, na walipwe hivyo. Baadaye Lubumbashi na Bukavu, zenye waigizaji wao na hadithi zao, zifuate.

Diploma peke yake haitoshi. Watayarishaji nao waache desturi ya kumwambia mwigizaji aje na nguo za nyumbani kwake. Bajeti isiyo na mstari wa mavazi humrudisha kijana mwenye licence kwenye foleni ya wasio na kazi.

Wazee wanaokumbuka nani alivaa nini tarehe 30 Juni 1960, na nani alifichama na suruali au wigi enzi ambayo wanawake walikatazwa kuvaa hivyo, wanapungua kila mwaka. Mwanafunzi wa mavazi angekuwa ameshaketi nao, daftari mkononi.